Neno Tulilolikosea Kalimoni

  

Juma hili hatukuja na mas-ala ya twahara wala ya mirathi, kama ilivyo ada yetu katika safu hii. Tumekuja na deni. Deni lenyewe si la fedha. Ni la neno moja tulilolisema mbele ya watu, nalo halikuwa kweli. Wanavyuoni wametufunza kwamba kosa la siri hutubiwa kwa siri, na kosa la hadharani hutubiwa hadharani. Neno letu tulilisema hadharani, tena si mara moja wala mara mia, na wengi mnaosoma hapa mmelisikia kutoka kinywani mwetu, msikitini, harusini na matangani. Kwa hiyo tumeona ni wajibu kukisimulia kisa chote kama kilivyokuwa. Na huenda ndani yake mkapata jawabu la swali ambalo vijana wetu hutuuliza sana siku hizi: mtu ataitafutaje kweli, na atajijuaje yeye ni nani?

Darasa la sebuleni

Binti wa dada yetu ameolewa bara, anakaa Kalimoni. Kwa wasiopajua, ni mahali palipo karibu na Juja, katika kaunti ya Kiambu, kati ya Ruiru na Thika. Wengi hupataja kwa ajili ya misheni na hospitali ya Wakatoliki iliyoko huko. Ardhi yake ni tambarare, na asubuhi isiyo na mawingu Kilima Mbogo huonekana upande wa mashariki. Waislamu wa huko si wengi, nao wametawanyika: huyu mwalimu, yule mfanyabiashara, mwingine mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta pale Juja. Hakusikiki adhana kutoka kila upande kama tulivyozoea sisi watu wa Mji wa Kale. Mtu akitaka kuishika dini yake huko hana budi kuishika kwa mkono wake mwenyewe. Hapana mtaa utakaomshikia.

Kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri, wanawake wapatao ishirini hukusanyika sebuleni kwa mpwa wetu kusoma. Wamo watu wa pwani waliofuata waume zao kazini, wamo Wasomali, wamo wasichana wa chuo kikuu, na wamo wenyeji wa huko huko waliosilimu. Mwaka uliopita tulipokwenda kumjulia hali, mpwa wetu alituambia, "Mjomba, usituache mikono mitupu. Tusomeshe japo siku moja."

Tukakubali kwa furaha. Tukachagua mlango wa kuihesabu nafsi, ambao wanavyuoni huuita muhasaba, kwa kuwa ni mlango tunaoupenda na tumeusomesha miaka mingi. Na kama ilivyokuwa desturi yetu, tuliufungua kwa kauli mashuhuri, kwamba anayeijua nafsi yake ndiye aliyemjua Mola wake. Tukasema, "Hii ni hadithi ya Mtume wetu S.A.W."

Hapo mama mmoja akainua mkono. Ni mtu wa makamo yetu, mwenyeji wa sehemu zile, muuza mboga katika soko la Juja. Alizaliwa na kulelewa kanisani, akasilimu akiwa mtu mzima, mjane mwenye watoto wakubwa. Baadaye mpwa wetu alitusimulia kwamba mama huyu alisoma na kuuliza kwa miaka minne kabla ya kutamka shahada. Ndugu zake walipomwuliza ni mwanamume gani aliyempeleka huko, aliwajibu kwamba hapana mwanamume. Ni usingizi tu ndio uliokuwa haumjii.

Magotini mwake alikuwa na daftari la shule, lile la kurasa mia mbili. Kila ukurasa ameugawa kwa mstari: upande wa kushoto huandika maneno aliyoyasikia, na upande wa kulia huandika kitabu yalimotoka. Akatuuliza kwa adabu kubwa, "Samahani, Sheikh. Hadithi hiyo imo katika kitabu gani? Nataka niandike upande huu."

Ndugu wasomaji, tulilisoma neno hilo chuoni tukiwa watoto wa miaka kumi. Tumelisema mimbarini kwa zaidi ya miaka thelathini. Katika muda wote huo hapana mtu aliyetuuliza limetoka wapi, na sisi wenyewe hatukujiuliza. Jawabu la haki siku ile lilikuwa neno moja tu, "Sijui." Lakini tulitazama mbele tukaona macho ya watu ishirini, wengine wasichana wa chuo kikuu, na mpwa wetu ameketi mlangoni akijivunia mjomba wake. Ulimi ukatangulia. Tukasema, "Imo katika Bukhari na Muslim, mama."

Akaandika. Tulimwona kwa macho yetu akiandika, polepole, kwa hati ya mtu asiyetaka kukosea: Bukhari na Muslim.

Usiku ule

Baada ya isha tulimwomba mume wa mpwa wetu simu yake, kwa kuwa ndani yake alikuwa na Sahihi zote mbili. Tukatafuta katika Bukhari, hatukuona kitu. Tukatafuta katika Muslim, hatukuona kitu. Tukalibadilisha neno hili na lile, tukatafuta tena hadi nusu ya usiku. Baridi ya Kalimoni mwezi wa Julai si mchezo kwa mtu wa pwani, lakini si baridi iliyotukosesha usingizi.

Tungependa kuwaambia kwamba palepale tulikata shauri la kusema kweli. Sivyo ilivyokuwa. Nafsi yetu ilikuja na hoja tatu, nasi tunaziorodhesha hapa kwa kuwa tunaamini si sisi peke yetu tuliowahi kuzisikia.

Hoja ya kwanza ilisema kwamba pengine simu ile ina kasoro, na vitabu vyetu viko nyumbani. Kwa nini kufanya haraka? Hoja ya pili ikasema kwamba maana ya neno lenyewe ni nzuri. Halikuhalalisha haramu wala halikuharamisha halali, basi limemdhuru nani? Hoja ya tatu ndiyo iliyotushinda, kwa sababu ilikuja imevaa kilemba. Ilisema: mama yule ni mgeni katika dini. Ukimwambia leo kwamba sheikh amekosea, kesho ataingiwa na shaka katika kila alichofundishwa. Nyamaza, kwa maslahi ya dini.

Tazameni hila ya nafsi. Tulichokuwa tukikilinda ni heshima yetu, nasi tukajiambia kwamba tunailinda imani ya mtu mwingine. Mola wetu katika Qur'ani ametutajia hali za nafsi: iko iamrishayo maovu, iko ijilaumuyo, na iko iliyotulia. Sisi tumezisomesha hali hizo tatu kwa miaka, na ya kwanza tulikuwa tukiieleza kwa mifano ya walevi, wezi na wacheza kamari. Hatukupata kuitolea mfano wa mtu aliyekaa juu ya msala na tasbihi mkononi.

Asubuhi mama mwenye daftari alikuja kutuaga. Alituletea fungu la sukuma wiki na maparachichi yaliyofungwa vizuri gazetini, akasema, "Sheikh, wapelekee nyumbani, uwaambie ni salamu kutoka Kalimoni." Tukapokea. Tukamwombea dua ndefu. Neno lilikuwa limetufika kooni, likakaa papo hapo. Tukapanda matatu ya kwenda Nairobi, na kutoka huko treni ya kurudi Mombasa, na maparachichi yale tukiyapakata kama mzigo wa mtu mwingine.

Yaliyomo vitabuni

Tulipofika nyumbani tulifungua vitabu. Imam Sakhawi, aliyefariki mwaka 902 Hijria, amekusanya katika kitabu chake Al-Maqasid al-Hasana maneno yaliyoenea katika ndimi za watu, akaeleza lipi ni hadithi na lipi si hadithi. Kauli yetu imo humo. Amenukuu kutoka kwa Imam Nawawi kwamba haikuthibiti kuwa ni ya Mtume S.A.W., na kutoka kwa Sam'ani kwamba inayojulikana ni kauli ya Yahya bin Mu'adh ar-Razi. Huyu Yahya alikuwa mja mwema na mtoa mawaidha, aliyefariki Nishapur mwaka 258 Hijria. Imam Suyuti naye aliiandikia kauli hiyo risala maalumu. Kwa ufupi, jambo lenyewe halikuwa siri hata kidogo. Lilikuwa juu ya rafu yetu, hatua tatu kutoka kitandani petu, miaka yote hiyo.

Msidhani kwamba tunamlaumu maalimu wetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Huenda yeye alisema kwamba wamesema watu wema, na sisi kwa utoto wetu tukasikia kwamba amesema Mtume. Mtoto husamehewa. Lakini mtu mzima aliyepewa mimbari hana udhuru wa kubeba mzigo bila kuufungua kuona ndani mna nini. Na Mtume wetu S.A.W. amemwonya vikali mno mwenye kumzulia uongo kwa kusudi, kwamba ajiandalie makao yake Motoni. Sisi hatukuwa na kusudi miaka ile thelathini, na tunamwomba Mola aihesabu kuwa ni ujinga. Bali neno la Kalimoni, kwamba limo katika Bukhari na Muslim, tulilisema hali tunajua kuwa hatujui. Hilo ndilo lililotutia hofu.

Wa kabla yetu waliojitafuta

Katika siku zile za kutojua la kufanya tulirudi kwa watu wawili tuliokuwa tukiwasoma tangu ujanani, mmoja wa mbali na mmoja wa kwetu.

Wa mbali ni Imam Ghazali. Mwaka 484 Hijria aliteuliwa kuwa mwalimu wa madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, cheo kilichokuwa kikubwa kupita vyote kwa mwanachuoni wa zama zile. Yeye mwenyewe ameeleza katika kitabu chake Al-Munqidh min ad-Dhalal, yaani mwokozi kutokana na upotevu, jinsi alivyoanza kuuliza tangu ujanani. Aliona watoto wa Manasara wanakua Manasara, wa Mayahudi wanakua Mayahudi, na wa Waislamu wanakua Waislamu. Akataka kujua ni kipi alichonacho yeye ambacho si cha kurithi tu. Kisha, akiwa katika kilele cha sifa, akaitazama nia yake katika kusomesha, akaona kwamba si ya Mwenyezi Mungu peke yake, bali ni ya jaha na kutajika. Akawa anavutwa huku na huku kwa muda wa karibu miezi sita, tangu Rajabu mwaka 488, hata ulimi wake ukafungika, asiweze kutamka neno la darasa wala chakula kisimpite kooni. Mwishoni aliuacha mji na cheo. Na ameandika kwa mkono wake kwamba aliwaambia watu anakwenda Makka, hali moyoni amekusudia Sham, kwa kuchelea wasimzuie. Hata hilo hakutuficha. Mtu aliyeitwa Hoja ya Uislamu amekubali tumwone akiwa dhaifu, ili sisi tujue njia inapita wapi.

Wa kwetu ni Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, aliyetunga Al-Inkishafi katika miaka ya mwanzo ya karne ya kumi na tisa. Neno hilo la Kiarabu maana yake ni kufunuka. Wengi wetu tunaukumbuka utungo ule kwa habari za majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na vyombo vya thamani, kisha yakawa makao ya popo. Ni kweli, hayo yamo. Lakini tulipousoma tena safari hii tuliona jambo tuliloliruka siku zote. Sayyid Abdalla hawahutubii watu wa Pate. Hawakaripii vijana, wala wanawake, wala watawala. Anausemesha moyo wake mwenyewe. Anauuliza kwa nini umeghafilika, mwenzi wangu. Yale magofu ameyaleta kuwa shahidi dhidi yake yeye, si dhidi ya jirani.

Hapo tukajiona tulivyo. Sisi katika miaka yote ya kuandika safu hii tumesema na mioyo ya watu. Moyo wetu tuliuacha nje ya mlango, kama viatu.

Kurudi

Katika Sura ya Al-Baqara, baada ya kuwataja kwa ukali wale wanaoificha elimu, Mola amewatoa wenye kufanya mambo matatu: wakatubu, wakatengeneza, na wakabainisha. Kutubu tulikuwa tumetubu. Kutengeneza na kubainisha kulibaki, na hakukuwezekana kwa simu. Watu ishirini walisikia kwa masikio, basi watu ishirini walistahiki kusikia tena. Baada ya majuma saba tukapanda treni.

Jumamosi hiyo hatukufungua kitabu. Tuliketi pale pale, tukasema: "Dada zetu, siku ile tuliulizwa swali. Hatukulijua jawabu lake, na tulijibu kana kwamba tunalijua. Kauli ile haimo katika Bukhari wala Muslim. Haikuthibiti kuwa ni ya Mtume S.A.W. kabisa. Ni kauli ya mja mwema aitwaye Yahya bin Mu'adh. Tumekosea mara mbili: mara ya kwanza kwa kutojua, na mara ya pili kwa kuona haya kusema kwamba hatujui. Tunaomba mtusamehe."

Sebule ilinyamaza. Mama mwenye daftari akafungua ukurasa wake, akauinua tuuone. Kando ya maneno yetu, kwa kalamu ya risasi, alikuwa ametia alama ya kuuliza.

Akasema, "Sheikh, mimi nilitafuta. Kijana wangu ana simu, tulitafuta usiku tatu. Sikuona. Basi nikasema moyoni, Sheikh hawezi kukosea, ni mimi nisiyejua kutafuta. Labda dini hii ni ya waliozaliwa ndani yake, sisi wengine tumechelewa." Mpwa wetu alituambia baadaye kwamba kwa Jumamosi mbili hakuja darasani.

Wasomaji wetu, mnaikumbuka ile hoja ya pili ya nafsi, kwamba neno letu limemdhuru nani? Jawabu lilikuwa limeketi mbele yetu. Mtu aliyeitafuta kweli kwa miaka minne, akaipata kwa kuuliza na kupima, uongo wetu mdogo ulikuwa umemfundisha kutoyaamini macho yake. Angalipoteza daftari lote kwa sababu ya mstari mmoja, na sisi tungalikuwa nyumbani tukila maparachichi yake. Tulilia, nasi hatuoni haya kuliandika.

Alichukua kalamu, akakata Bukhari na Muslim kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika jina la Yahya bin Mu'adh. Kisha akatuuliza swali zuri kuliko la kwanza: "Sasa, Sheikh, kama si hadithi, neno lenyewe ni la kweli?"

Safari hii hatukufanya haraka. Tukamwambia kwamba Imam Nawawi ameieleza maana yake hivi: mwenye kuijua nafsi yake kwa unyonge na uhitaji na utumwa, humjua Mola wake kwa nguvu na ubwana na ukamilifu. Maana hiyo ni sahihi. Tena tukamwambia kwamba kwa upande wetu sisi, tulikuwa tukilisema neno hilo miaka thelathini bila kulijua, na tulilijua usiku mmoja pale Kalimoni, tulipoona jinsi tulivyo wadogo mbele ya neno dogo kama "sijui." Akatikisa kichwa, akaandika. Hatujui aliandika nini.

Ya kuchukua nyumbani

Mama zetu, hatukukisimulia kisa hiki ili mmwonee sheikh huruma. Kila mmoja wenu ana sebule yake na ana watoto wake wanaouliza. Yapo mambo manne tunayopenda mtuchukulie.

La kwanza, mtoto akikuuliza jambo la dini usilolijua, mwambie, "Sijui, mwanangu, tukamwulize anayejua." Imesimuliwa kwamba Imam Malik, aliyekuwa imamu wa Madina, aliulizwa mas-ala arobaini na nane, na katika thelathini na mawili alijibu kwamba hajui. Heshima yake haikupungua hadi leo. Mtoto anayemsikia mama akisema sijui hujifunza kwamba kweli ni kubwa kuliko mama, na hilo ni somo la tauhidi.

La pili, msiwanyamazishe watoto kwa kuwaambia kwamba kuuliza ni kufuru. Nabii Ibrahim A.S. alimwomba Mola wake amwonyeshe namna anavyohuisha wafu, hali alikuwa mwenye kuamini. Alitaka moyo wake utulie. Mola hakumkaripia, bali alimwonyesha. Kijana wa kwetu aliyekwenda kusoma Juja, Nairobi au ng'ambo, akarudi akiuliza kwa nini tunaamini tunayoyaamini, huenda hajaikimbia nyumba. Huenda ndiyo kwanza anaingia ndani yake kwa miguu yake mwenyewe. Kuna tofauti baina ya mwenye kuuliza ili apate na mwenye kuuliza ili akimbie, lakini tofauti hiyo hujulikana kwa kumsikiliza, si kwa kumfokea.

La tatu, yapimeni mnayoletewa kwenye simu. Kila Ijumaa maneno mengi hupita katika makundi ya WhatsApp yakiwa na maua na jina la Mtume S.A.W. juu yake, na chini yake agizo la kuyatuma kwa watu kumi. Kabla hujatuma, fanya alivyofanya mama wa Kalimoni: uliza limetoka katika kitabu gani. Kama hukupata jawabu, si dhambi kulizuia. Dhambi ipo katika kulibeba usilolijua na kumbandikia Mtume.

La nne, na ndilo gumu, kila usiku kabla ya kulala jipe dakika tano za kuisomesha nafsi yako badala ya nafsi za wengine. Jiulize: leo nilipotetea jambo, nilitetea haki au nilitetea jina langu? Nilipomkemea binti yangu, nilimkemea kwa ajili yake au kwa ajili ya majirani? Nilipojibu, nilijua? Usishangae nafsi ikikuletea hoja tatu. Ikija hoja iliyovaa kilemba, hiyo iulize mara mbili.

Watu wengi hudhani kwamba kujitafuta ni safari ya kwenda mbali, kuacha watu na kukaa pweke. Kwa Imam Ghazali ilikuwa hivyo. Kwetu sisi ilikuwa tikiti mbili za treni, kwenda na kurudi, na neno moja la kusahihisha. Kwa mwingine itakuwa ni kumpigia simu dada yake waliyegombana naye, au kumrudishia mtu haki yake, au kumwambia mtoto, "Siku ile nilikukosea." Mlango wa kweli kwa kila mmoja uko pale pale anapoogopa kubisha.

Na wale wote waliotusikia tukiinasibisha kauli ile kwa Mtume wetu S.A.W., popote pale, tunawaomba wasahihishe katika madaftari yao na katika ndimi zao, na watusamehe. Nasi tumenunua daftari la kurasa mia mbili. Tumelipiga mstari katikati.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki tuione kuwa ni haki, uturuzuku kuifuata, na utusitiri kwa sitara yako siku ambayo kila kilichofichwa kitafunuka. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.